Wastani mzuri, watu wako wapi?

Leo nimefungua jedwali la matokeo: wanaosoma mtandaoni wamewapita wa darasani.

Kumbe safu ya mtihani wa mwisho ina mapengo kibao, na karibu yote ni ya mtandaoni. Walioacha njiani ndio wangeshusha wastani. Hojaji ya mtazamo nayo hujazwa wiki ya mwisho, kwa hiyo waliolichukia somo hawakuulizwa kitu!

Dawa: jaribio la awali kwa wote, hojaji mapema, kisha ripoti kila aliyejisajili, si aliyemaliza tu.

Uchambuzi wa Wizara ya Elimu ya Marekani, 2010: mseto (mtandao pamoja na darasa) ulilizidi darasa kwa mchepuko wastani 0.35 (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika), mtandao mtupu 0.05 tu. Tena wa mseto mara nyingi walipata muda zaidi wa kusoma.

Watafiti wenzangu, walioacha mnawahesabu vipi?