Mkutano wa Viti Viwili

Septemba 2015 nilikuwa karani wa kaunti moja ya magharibi, ambayo sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za mikutano. Siku hiyo tulikutana hotelini Kisumu, kwani wageni wa Hazina ya Taifa walitaka kuja na ndege ya asubuhi na kurudi Nairobi jioni. Ajenda ilikuwa moja tu: mkopo wa mradi wa maji kutoka benki ya Ulaya.

Zogo lilianzia kwenye viti. Nilikuwa nimeweka kibao cha jina la waziri wetu wa fedha mbele ya kiti cha mwenyekiti. Mkurugenzi kutoka Hazina akakiokota, akakigeuzageuza kama noti anayoishuku, akakisogeza kando, akaketi. Waziri akabaki amesimama mlangoni. Ikabidi nilete kiti cha pili, wakabanana kichwani mwa meza.

"Mheshimiwa, tangu lini benki ya nje ikamwandikia gavana moja kwa moja?" mkurugenzi akauliza.

"Tangu wananchi walipopitisha katiba, ndugu yangu."

Katiba yenyewe haikuwa na utata. Kifungu cha 212 kinasema kaunti itakopa iwapo tu serikali ya taifa itadhamini mkopo na bunge la kaunti litauidhinisha. Vita vilikuwa juu ya nani atangulie. MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, aliyeongoza kamati ya fedha akaapa kwamba bunge halitapitisha mkopo usio na mdhamini. Mkurugenzi naye akasema Hazina haidhamini mkopo ambao bunge halijaupitisha. Wakazungushana hivyo hadi saa saba.

Wakati wa chakula, mkurugenzi akichambua miba ya samaki wa ngege kwa vidole, alizungumza bila ukali. Shilingi ilikuwa imevuka 100 kwa dola. Deni la yuro hulipwa kwa yuro, akasema, na bili za maji mnakusanya kwa shilingi. Mkishindwa, mdai atabisha hodi kwetu. Hapo nilimwelewa, ingawa mshahara wangu ulitoka upande wa pili.

Waziri akanawa mikono polepole. "Na ile Yurobondi ya mwaka jana, mkopo wenu wa dola bilioni mbili kutoka kwa wawekezaji wa nje, mliiuliza kaunti gani?"

Hakuna aliyejibu. Ofisa wa benki, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akauliza barua inayofuata aitume wapi. Mkurugenzi akamwandikia anwani ya Hazina kwenye karatasi yangu ya kumbukumbu, bila hata kuniomba.

Mwishowe Hazina ilikopa yenyewe, na fedha zikatufikia kama ruzuku yenye masharti. Bunge letu halikupigia mkopo huo kura. Siku ya kutia sahihi Nairobi waziri alisema ana mafua, akamtuma ofisa wa chini yake. Mkurugenzi alimpa kiti cha safu ya tatu.