Nani Alitia Tui?

Juzi mwanangu wa pili alinisukumia simu usoni nikiwa nakata vitunguu. "Mama, tazama, kuku wa Kiitaliano." Kwenye kioo palikuwa na kikaango, vidari vya kuku, spinachi, tungule zilizokaushwa, kisha mkono usio na mwenyewe ukamimina krimu. Wamemwita kuku wa Toscana. Mjomba, aliyekuwa akiwapikia Waitaliano Malindi, angekuwa nyuma yetu angesonya mpaka majirani wasikie. Yeye alikuwa akituhubiria zamani kwamba vyakula vingi vinavyojiita vya Kiitaliano vimezaliwa Marekani, jikoni mwa wahamiaji, na kwamba hata yule kuku wa parmigiana, wa mchuzi wa tungule na jibini, alirithi nafasi ya bilingani.

Lakini ile rangi. Krimu ilipochanganyika na tungule, mchuzi ukageuka ule uchungwa hafifu, na mimi nikaweka kisu chini. Rangi ile niliiona kwetu Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, usiku wa jibu la posa ya dada, na nyumba nzima haikuwa na hata kijiko cha krimu.

Ilikuwa mwisho wa 1997. Mtu wa Mombasa wa rika langu hahitaji kuelezwa mwaka ule. Agosti yakatokea mambo ya Likoni, mashambulizi na mauaji, watalii wakakatika, mahoteli yakafunga milango. Kisha ikaja mvua ya El Niño kumalizia kilichobaki. Mjomba alirudi kutoka Malindi na begi moja, na kisu chake kimeviringishwa gazetini. Hoteli aliyokuwa akipika iliwaambia wafanyakazi wangoje. Akangoja huko mpaka pesa ya chumba ikaisha, akaja kungojea kwetu.

Mjomba na Malindi yake hawakuisha. Kila hadithi aliianzia kwenye roketi: Waitaliano walivyosimamisha kituo chao baharini kule Ngomeni, satelaiti ya kwanza ikaondoka pale 1967, kisha ile iliyopewa jina Uhuru kwa kuwa iliruka siku ya Jamhuri, 12 Desemba 1970. "Wote walikuwa wakitazama juu," atasema, "mimi ndiye niliyebaki chini kuwapikia." Hesabu ya miaka yake haikukubaliana na maneno hayo, lakini hakuna aliyemsahihisha.

Basi wazee wa upande wa mume walikuwa waje kuchukua jibu la posa. Mjomba hakuwa na shilingi ya kumtunza mpwa wake. "Pesa sina," alimwambia mamangu, "mikono ninayo." Mamangu alitaka biriani. Bibi alitaka biriani. Wageni nao, nina hakika, walitoka kwao wakitarajia biriani. Mjomba akasema biriani wataila harusini, leo wale kuku alla cacciatora, yaani wa mwindaji, na akalitamka jina lile na vidole vimekusanywa hewani.

"Na ile mvinyo yao?" mamangu akauliza papo hapo.

Alikuwa amejiandaa. Mvinyo, akasema, kazi yake mle ni ukali, na kubandua vile vilivyoganda chini ya sufuria. Kazi hiyo siki yaiweza. Roma kwenyewe kuna wapikao kuku huyu kwa siki, thomu na rosimari, wala tungule hawamtii. Kwengine humtia tungule. "Mimi nitatia vyote viwili. Leo ni siku ya posa, na wao nitawaozesha."

Bibi akatoa sharti moja: kuku wa Kizungu na akae juu ya wali wa nazi, si vinginevyo. Hivyo ndivyo nilivyopewa nazi nne na mbuzi, nikakalishwa uani nikune.

Sasa kuna habari ya mafuta. Wengine wenu mmezoea mafuta ya zeituni ya kupikia. Kwetu wakati ule yalikuwa dawa. Bibi alikuwa na chupa yake, ameletewa na jirani aliyetoka Umra, anajisugua nayo magoti baada ya Isha na kuifunga tena ndani ya leso. Mjomba aliijua ilipo. Bibi aliposimama kuswali Adhuhuri, chupa ikahama chumbani ikaja jikoni.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu mengine yote ya siku ile nimeyasahau nusu lakini haya nayaona.

Jiko lilikuwa lile la gesi la macho mawili, ambalo mamangu alikuwa akichemshia chai tu. Bibi hakuliamini, alisema moto usio na majivu hauna adabu. Mjomba alikwisha kuwachinja kuku asubuhi, wa kienyeji, wa miguu mirefu, na sasa alikuwa akivipangusa vipande kwa kitambaa safi, kimoja kimoja, mpaka vikawa vikavu. Nikamuuliza ya nini. "Maji hayakaangi, mwanangu. Maji huchemsha." Akanyunyiza chumvi na pilipili manga. Akamimina mafuta ya magoti ya Bibi kwenye sufuria pana, nzito, akangoja, kisha akalaza kuku, ngozi chini, akiacha nafasi baina ya kipande na kipande. Vile ambavyo havikuenea aliviweka kando, wangoje zamu yao.

Bibi akatokea mlangoni, kanga ya swala bado kichwani. Akanusa. Akanusa tena.

"Ni nani aumwaye magoti humu?"

Hakuna aliyejibu. Shangazi alijiingiza chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikupotea. Bibi akaiona chupa, akaona ilivyopungua, na hakusema lolote juu yake. Alipita moja kwa moja hadi sufuriani, akachukua mwiko.

"Geuza."

"Muwache, Mama."

"Washika chini hawa!"

"Muwache. Atajing'oa mwenyewe."

Bibi akasukuma kipande kimoja kwa ncha ya mwiko. Kilikuwa kimeng'ang'ania kweli. Akamtazama mwanawe, na mwanawe hakuyatoa macho mle sufuriani. Mimi nilikuwa nimeacha kukuna. Mlio wa mafuta mwanzo ulikuwa wa fujo, unarukaruka, kisha ukaanza kushuka, ukawa wa chini, wa taratibu, na Mjomba akainua kidole kana kwamba ndio ulikuwa ukimwambia kitu. Bibi alisimama pale na mwiko mkononi, mwanamke aliyepikia maulidi na matanga ya watu wasiohesabika, akizuiwa kugeuza kuku na kijana aliyemzaa. Nilidhani atampiga nao.

Mjomba akashika vipini kwa kitambaa, akaitikisa sufuria mara moja. Vipande vikateleza. Vyote, na kile alichokisukuma Bibi pia. Akakigeuza cha kwanza, na ngozi ilikuwa na rangi ya halua.

"Enhe," akasema Bibi, akarudisha mwiko mahali pake, akaenda zake.

Mengine nayaeleza haraka. Kuku akatolewa, vitunguu na thomu vikaingia kwenye mafuta yale yale, siki ikamwagwa ikafoka, na yote yaliyoganda chini yakabanduka kwa mwiko wa mti. Tungule zilikuwa ghali kwa barabara zilizokatika, lakini zilipatikana. Rosimari ilikuwa ya kukaushwa, imetoka Malindi mfukoni. Zeituni nyeusi kidogo, za chupa. Kwenye mkebe uani palikuwa na mrehani wa mamangu, Mjomba akaunyooshea mkono, wakapiga kelele wanawake watatu kwa pamoja kwamba mrehani ule ni wa vikuba, mapambo ya kunukia, vya leo usiku na atakayeuchuma atakiona. Akauwacha. Kuku akarudi sufuriani, moto mdogo, kifuniko, zaidi ya saa nzima, maana wa kienyeji hana haraka.

Kabla ya Magharibi Bibi alikuja kuonja. Akadondosha mchuzi kiganjani, akauramba, akatazama ukuta.

"Kuku wa tungule tupu humpi mgeni," akasema. "Humpa mgonjwa."

Mjomba akacheka. Akazima moto, akafunika, akatuambia tusiguse, akaenda msikitini.

Mimi nilikuwa nimeshachuja tui. Jepesi lilikwenda kwenye mchele, zito nikaliweka kwenye bakuli la udongo chini ya kawa, la kumalizia wali. Nikaenda kuswali, kisha nikapiga pasi kanzu ya baba. Niliporudi bakuli lilikuwa tupu, limesuuzwa, limefudikizwa. Nikadhani wali umeshatiwa lile zito. Nikaufunua: mkavu, punje kwa punje, una harufu ya jepesi tu.

Nyumbani tulikuwa Bibi, mamangu, shangazi na mimi. Dada hesabu nyingine, alikuwa chumbani akifukizwa udi, hata kukaa hakuruhusiwa asije akakunja nguo.

Mjomba aliporudi alifunua sufuria mbele yetu sote. Mchuzi uliokuwa mwekundu ulikuwa na ile rangi. Akatia mwiko, akadondosha kiganjani kama mamake, akafumba macho. Nilingoja radi. Mtu huyu aliwahi kugombana na wateja Malindi kwa kuomba tomato sosi juu ya pasta, kwa maelezo yake mwenyewe.

"Pakueni," akasema.

Wageni walikuja baada ya Isha. Ya sebuleni niliyasikia kupitia pazia tu, lakini hili nalikumbuka: mzee wao mkubwa, aliyekuwa ameuangalia ule wali mwanzoni kwa mashaka, aliomba kuongezwa mchuzi, halafu akaomba tena. Akauliza, "Hiki ndicho chakula cha Wataliani?"

"Ndicho, mzee," akajibu Mjomba. "Wataliani wa Kuze."

Jibu la posa lilikuwa ndiyo, na lingekuwa ndiyo hata wangepewa mahamri na chai. Shemeji yupo mpaka leo na bado huulizia kuku yule.

Watalii waliporudi, Mjomba naye akarudi Malindi. Baadaye akawa na kibanda chake Mtwapa, na nilipokwenda kumtembelea kuku yule alikuwemo kwenye ubao, kwa chaki, na aliponiletea sahani nikaona ile rangi. Nikamtazama. Akanambia wateja ndio waitakao. Nikamuuliza basi usiku ule alikuwa nani. "Muulize mamako," akasema, akaenda kumhudumia mtu mwengine. Sasa ametangulia mbele ya haki, na Bibi alimtangulia.

Miaka mingi nilishikilia kuwa ni Bibi, na kwamba ni kisasi cha mafuta yake ya magoti. Kilinifurahisha kisa hicho, nimekisimulia kwenye harusi zaidi ya moja. Siku hizi, na mimi nikiwa na wa kwangu wanaotoka na kurudi, naona huenda hapakuwa na kisasi. Mwanawe amerudi mikono mitupu, amesimama mbele ya wakwe watarajiwa na chakula ambacho hakuna aijuaye ladha yake. Mama gani asingemtilia tui? Ila pia nafikiri kama ni huruma, ilikuwa huruma ya kutoamini. Na yule aliyesema "Enhe" mchana ule, mbona nilidhani ameamini?

Kuna ushahidi mmoja ambao huwa nautumia. Tui halikukatika. Tui zito ukilitia kwenye mchuzi wenye siki na tungule, moto ukazidi kidogo tu au mkono ukasita, lakatika, waona mafuta huku na mabonge huku. Lile lilikuwa laini, limeshikana. Aliyelitia aliwasha moto upya, akaushusha, akasimama akakoroga mpaka mwisho, kisha akasuuza bakuli. Huyo ni mpishi. Mimi wakati ule tui langu lilikatika kila mara, kwa hiyo mimi simo.

Wiki hii, baada ya ile simu ya mwanangu, nilimuuliza mamangu. Akasema ni shangazi, alijua tangu siku ile. Nikampelekea shangazi ujumbe, yuko Lamu siku hizi. Alinijibu kwa sauti, dakika nzima, nusu yake kicheko.

"Mamako asinisingizie," akasema. "Mimi nilikuwa chumbani namfukiza nduguyo. Wifi naye alikuwa akitafuta vikombe. Na mamake, Mungu amrehemu, magoti yale yalikuwa hayamsimamishi jikoni nusu saa, na mafuta yenyewe mlikuwa mmeyakaangia kuku. Sasa niambie wewe, uliyekuwa na nazi mkononi tangu asubuhi, hiyo kanzu moja uliipiga pasi mpaka Isha?"