Ukumbi wa juu, kumbukumbu ya 6: katani imeua mwangwi

Leo alasiri nilisimama katikati ya ukumbi wa juu wa ofisi yetu nikapiga kofi moja, na kofi likafa palepale. Nimelingoja kofi hilo tangu masika. Niliwaita wenzangu wa chini wapande wasikie, na kila mmoja akapiga lake.

Meza za kukunja, soketi na makabati ya kufuli nimeshayaeleza katika kumbukumbu zilizopita, sirudii. Kazi ya ukumbi ni ileile: ofisi ya wageni wa siku mbili tatu. Wakaguzi wa hesabu, vijana wetu wa mpakani Horohoro wanaposhuka mjini, wenzetu wa Dar es Salaam meli inapotia nanga Tanga. Asubuhi meza nne mbalimbali, mchana kikao cha watu kumi, kesho yake nusu ya ukumbi anataka mtu mmoja peke yake. Kwa hiyo ukuta wa kudumu hauwezekani, na hapo ndipo nilipokwama.

Ukumbi una mita 9 kwa 6 na dari iko mita 4 juu. Jengo ni la zamani, kuta za mawe na chokaa, sakafu ya saruji. Waliojenga walijua joto la pwani, wakainua dari hewa ipande, na mpaka leo feni moja inatosha. Ila sauti haina pa kwenda. Mkaguzi akisoma tarakimu kwenye simu kwenye pembe ya mashariki, mtu wa pembe ya magharibi anazipata zote hadi senti. Nani atajadili mshahara wa mtu humo?

Jaribio la kwanza, vizigeu (kuta za kuhamishika) vya plaiwudi vyenye magurudumu: mwangwi ukazidi. Plaiwudi inairudisha sauti kama ukuta unavyoirudisha, na iliyobaki inapita juu yake. La pili, mapazia ya kanga mbili mbili: yanapendeza macho, sauti inapita kana kwamba hakuna kitu. Sponji ya magodoro niliikataa mwenyewe. Moshi wake ni sumu, na ukumbi una ngazi moja tu.

Ndipo nikaanza kupiga hesabu badala ya kubahatisha. Mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipewa ukumbi wa mihadhara usiosikilizana. Alikuwa akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akipima usiku mlio unakawia kiasi gani kufa. Kanuni aliyoiacha ni nyepesi: chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa eneo linalomeza sauti kwa mita za mraba, unapata sekunde ambazo mlio unakawia kufa. Kwangu ujazo ni 216, na kuta tupu karibu hazimezi kitu. Nikapata sekunde 3 hivi. Nilipasua puto huku simu ikirekodi: 2.7. Nilifurahi kama aliyepata jibu la mtihani, ingawa jibu lenyewe lilikuwa baya.

Kitu cha kumeza sauti tunacho mlangoni. Miche ya mkonge Mjerumani Richard Hindorf aliileta mwaka 1893, na hapa Tanga katani ndiyo imejaa kila upande. Nilinunua zile nyuzi fupi zisizofaa kamba, nikazishindilia kwenye fremu za mbao za mita 2 kwa 1, nikafunika kwa gunia.

Fremu ya kwanza ilikuwa na unene wa sentimita 3, nikaipigilia ukutani moja kwa moja. Ilimeza milio ya "s" na "sh", ikaacha ngurumo ya sauti za wanaume vilevile. Wiki mbili nilihangaika na jambo hili. Kumbe hewa iliyogusana na ukuta haitembei, na katani haiwezi kumeza mtikisiko usiokuwapo. Wimbi la sauti ya mtu, tuseme la hezi 500 (mitikisiko 500 kwa sekunde), lina urefu wa sentimita 70 hivi. Hewa inakwenda kasi zaidi kwenye robo ya urefu huo kutoka ukutani, yaani sentimita 17. Basi nikafanya unene sentimita 10 na nikaacha uwazi wa sentimita 8 nyuma yake. Fremu kumi na mbili, mita za mraba 24. Hesabu ilisema sekunde 1.2, puto la leo limesema 1.3.

Katani ikatwe kwa panga lililonolewa, mkasi unachoka ndani ya saa moja. Na drili ya waya naiamini kuliko ya betri: ukuta wa mawe unaimaliza betri kabla ya tundu la tatu.

Niliahidi ubao wa kupangia zamu za meza. Haupo bado, nilivutwa na jambo jingine. Nilikuwa soko la samaki la Deep Sea kununua samaki nikawatazama mabaharia wakiteremsha foromali (mti unaobeba tanga) ya jahazi, mtu mmoja tu ameshika kamba, tanga zito vile. Nikamwuliza mzee mmoja kuhusu kapi zake. "Mwanangu, uzito haubebwi, unagawanywa," akaniambia, akanionyesha jinsi ya kupitisha henza, kamba ya kupandishia tanga, mara mbili. Magurudumu ya vile vizigeu nimeyang'oa. Fremu saba zimebaki kuta za pembeni, tano zinaning'inia kwenye boriti kwa kamba na kapi: ukizishusha una vyumba viwili, ukizipandisha una ukumbi wa kikao, na hata shangazi yetu anayetuletea chai anazipandisha kwa mkono mmoja.

Katani inashika moto upesi, kwa hiyo nyuzi zote nilizichovya kwenye maji ya boraksi na kuzianika kabla ya kushindilia. Konzi moja niliiwashia kiberiti uani, ikaungua ukingoni ikazima. Hata hivyo hakuna fremu iliyo karibu na soketi.

Lililobaki ni kamba. Nazo ni za katani, na kusi ikivuma na unyevu wake zinajikaza: fremu ya tatu imepanda vidole viwili tangu jana jioni, ya nne kimoja. Kesho ya tatu naifunga nailoni, ya nne naiacha, nizipime zote alfajiri.