Nilivyowakaribisha wakwe zangu kwenye mgahawa wa wanafunzi wa upishi, Kigoma

Ukitaka kumkaribisha mkwe mlo wa heshima hapa Kigoma, watu wengi wanajua njia mbili: umpikie nyumbani au umpeleke hotelini. Mimi nilipita ya tatu. Niliwapeleka wakwe zangu kwenye mgahawa wa mafunzo wa chuo cha ufundi, ule unaoendeshwa na wanafunzi wa upishi wenyewe, kuanzia kununua samaki hadi kuosha sufuria. Majirani zangu hapa Mwanga wameniuliza sana habari zake, na karibu wote walidhani mtu wa nje haruhusiwi kula pale. Anaruhusiwa. Tena anahitajika, maana bila mlaji wale vijana watajifunza kumhudumia nani?

Nyumbani hapakufaa. Mke wangu alikuwa amejifungua, bado yuko kwenye arobaini yake, na sikuwa tayari kumwona anasimama jikoni kuwapikia wazazi waliokuja kumtazama mjukuu. Hotelini nilikoulizia nilitajiwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi kama mimi ningelazimika kuikopea. Mpwa wangu anayesoma ushonaji chuoni ndiye aliyenishtua: "Mjomba, wenzetu wa upishi wanapokea wageni siku zao za vitendo. Bei ni ya kurudisha gharama tu."

Nilikwenda kwanza kujionea, na nashauri kila mtu afanye hivyo. Ukumbi ni wa kawaida, meza chache zenye vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi, na dirisha la kupitishia chakula ambalo unaliona jiko lote. Wanafunzi wanapokezana: aliyeko jikoni wiki hii, wiki nyingine atakuwa mezani anahudumia. Mwalimu yupo, lakini hashiki mwiko. Anasimama na karatasi zake za tathmini, anatazama, anaandika. Yaani sahani inayoletwa mbele yako ni mtihani wa mtu, na hilo likikukaa kichwani tangu mwanzo, mambo mengine yote utayaelewa: kwa nini wanachelewa, kwa nini wanakuuliza maswali mengi, kwa nini huwezi kuingia tu saa saba na kuagiza unachotaka.

Kilichonituliza moyo ni usafi. Vibao vyao vya kukatia vina rangi, bluu vya samaki, vyekundu vya nyama mbichi, vya kijani vya mboga na matunda, na kisu kilichopita kwenye kuku mbichi hakirudi kwenye kachumbari. Kijana mmoja alinieleza, bila kubabaika, kwamba vijidudu huzaliana haraka chakula kikikaa kati ya nyuzi joto 5 na 60, kwa hiyo cha moto kinangoja kikiwa moto na cha baridi kinangoja ndani ya friji. Migahawa mingapi ya mjini unaweza kumuuliza mpishi swali hilo akakujibu? Nikaona hawa naweza kuwakabidhi tumbo la mkwe wangu.

Mwalimu aliniambia mtindo huu uko vyuo vingi vya upishi duniani. Nairobi, Chuo cha Utalii cha Kenya kilichofunguliwa mwaka 1975 kina hoteli yake ya mafunzo. Marekani, Culinary Institute of America, chuo kilichoanzishwa mwaka 1946, kina migahawa kadhaa pale Hyde Park, New York, ambako wanafunzi wanapika na kuhudumia na watu wa kawaida wanakwenda kula. Kule watu wanaweka nafasi mapema na kuvaa vizuri. Huku kwetu bado kuna anayesema mtoto hawezi kupoteza ada kusomea kupika, kitu ambacho bibi yake anakijua bila cheti. Mimi hilo silikubali hata kidogo. Bibi anajua kupikia watu wa nyumba yake. Kupikia watu arobaini wasiojuana, kwa wakati mmoja, bila kumuumiza mtu tumbo na bila kutupa nusu ya kilichonunuliwa, hiyo ni kazi ya kusomea na wanaoisomea wanastahili kuheshimiwa.

Wakati wa kuweka oda waliniuliza tuko wangapi, nani ana kisukari, nani ana presha, nani hali nini. Nikawaambia mambo matatu. Mama mkwe ana presha, chumvi iwe kidogo. Kwetu sisi mama mkwe hali meza moja na mkwewe wa kiume, kwa hiyo nahitaji meza mbili, yeye na shemeji zangu upande wao. Na la tatu, baba mkwe haoni vizuri, na samaki ninayetaka apikiwe ni mgebuka, hivyo suala la miiba lifikiriwe mapema. Binti aliyekuwa anaandika aliinua kichwa akasema, "Hilo niachie mimi, kaka."

Kisha likaja suala la mwezi. Baba mkwe alivua Ziwa Tanganyika tangu enzi za karabai, akitokea Katonga, mpaka macho yalipomwacha. Nilipompigia simu kumpa tarehe, hakuuliza mahali wala saa. Aliuliza, "Siku hiyo mwezi utakuwaje?" Anayekaa Kigoma anajua maana yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawavuta juu, na migebuka wanawafuata kuwala. Mwezi ukipevuka, mwanga umetanda ziwa zima, taa haivuti kitu, na mitumbwi mingi inabaki nchi kavu. Asubuhi yake ukienda mwaloni Kibirizi unakuta samaki wa kuhesabu na bei imepanda. Nilitazama kalenda, na kweli, tarehe niliyopewa ilikuwa ya mbalamwezi tupu. Nikarudi chuoni kuomba tusogeze mbele hadi wakati wa giza. Mwalimu alikubali palepale, akawageukia wanafunzi na kuwaambia kuanzia muhula huo atakayepanga menyu ya dagaa au migebuka apange na kalenda ya mwezi mkononi.

Siku yenyewe tulifika kwa bajaji kutoka Ujiji, wazee wamevaa nguo zao za sikukuu. Wanafunzi wawili walitupokea mlangoni kwa shikamoo, wakatuonyesha meza, wakaja na jagi na beseni kutunawisha kwa maji ya uvuguvugu. Binti wa meza yetu, yuleyule aliyeandika oda, aliniinamia akauliza kwa sauti ya chini, "Samahani kaka, sisi tumefundishwa kuanza na akina mama. Kwenu anaanza nani?" Nikamwambia aanze na baba, kisha ahamie meza ya mama, mimi niwe wa mwisho. Swali lile dogo lilinifurahisha kuliko vitambaa vyote vyeupe. Kujua kanuni ni jambo moja. Kumuuliza mgeni heshima ya kwao ikoje ni jambo jingine, na huyu alikuwa na yote mawili.

Kianzio kilikuwa supu ya maboga yenye tangawizi. Ilikuwa nzuri, sina zaidi ya kusema. Baada ya hapo tulingoja. Tulingoja hasa, na dirishani ungeweza kumwona kijana wa ugali anahangaika na sufuria ya pili. Meza ya jirani alikuwepo bwana wa ofisini aliyetazama saa yake mara kwa mara, na mwishowe akaomba afungiwe chakula aondoke nacho. Ukiwa na nusu saa ya mapumziko ya kazi usiende pale. Nenda siku ambayo mchana wote ni wako, na mwenye kisukari atangulize kitu tumboni.

Migebuka walipokuja, walikuwa wabichi wa siku hiyo, wamechemshwa kwa mawese na nyanya, pamoja na ugali wa muhogo, wali, matembele na maharage. Binti alisimama upande wa kulia wa baba mkwe, akasema, "Babu, naomba nikutolee miiba." Alipitisha ncha ya kisu cha samaki mgongoni, kutoka kichwani hadi mkiani, taratibu kama mtu anayefungua bahasha ya barua muhimu. Akasukuma mnofu wa juu pembeni kwa mgongo wa kijiko. Akaushika uti pale mkiani, akaunyanyua, ukatoka mzima na mbavu zake. Kisha akapapasa mnofu kwa kijiko kutafuta ile miiba midogo ya tumboni, ambayo ndiyo hasa inayokaba watu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka mwanzoni. Alipofika katikati ya samaki ilikuwa imetulia. Alipomaliza alimwambia, "Samaki yuko mbele yako, babu, karibu na wewe. Ugali uko kushoto, mboga kulia, maji yapo juu ya mkono wa kulia." Baba mkwe akapeleka mkono na kukuta kila kitu mahali kilipotajwa. Mzee huyu kwa miaka kadhaa sasa amekuwa akichambuliwa samaki na wajukuu, na nyumbani wakati mwingine huacha samaki kabisa kwa kuogopa kuwasumbua. Siku ile alimla mgebuka mzima.

Mwalimu alikuwa ameniomba tangu naweka oda: tuwaambie vijana ukweli wa chakula chao, kwa sababu sifa za adabu haziwasaidii. Kwa watu wetu hilo ni gumu. Chakula ulichokaribishwa hukitoi kasoro, unashukuru na kunawa. Nilijua wazee wangu wangenyamaza, kwa hiyo njiani nilikuwa nimemwomba baba kwamba leo aonje kama mvuvi anayepokea kijana mpya chomboni, asionje kama mgeni. Akala kidogo, akauliza, "Nani amepika mchuzi huu?" Akaitwa msichana mwingine, kutoka jikoni, akaja anafuta mikono kwenye aproni.

"Binti yangu," baba alimwambia, "samaki wako ametoka majini leo na hukumvuruga. Hapo umeweza. Ila mawese umeyaharakisha. Yananikwaruza kooni."

"Niliogopa yasipoteze rangi, babu. Tumefundishwa moto mkali unaua rangi na vitamini."

"Sikukwambia moto mkali. Weka moto mdogo, usikilize. Mawese haya ya kwetu yana maji ndani, yakiwa jikoni yanalia. Yakinyamaza, ndipo utie kitunguu."

Mwalimu alisogea akasema wote wawili wako sahihi: wekundu wa mawese unatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na moto mkali huiharibu, moto mdogo wa muda unakausha maji na kuondoa ule ukali wa mawese mabichi bila kuyachoma. Msichana hakusema neno. Alirudi jikoni, na tulipokuwa tunamalizia matembele akaja na bakuli dogo la mchuzi alioupika upya. Baba alichovya tonge, akatafuna, akasema, "Sasa." Kwa wanaomjua, hiyo ni sifa kubwa. Msichana akauliza kama anaweza kuandika jina la babu kwenye daftari lake la mapishi, pembeni ya maneno ya kusikiliza mawese. Akaruhusiwa.

Meza ya mama nao walitoa yao kupitia shemeji: wali una kiini kidogo, chumvi imezingatiwa, na maharage yaliungwa vizuri mno. Kitindamlo kilikuwa nanasi na keki ndogo za ndizi mbivu, halafu kahawa ya Manyovu. Kahawa niliirudia.

Mwisho unapewa karatasi ya maoni. Hapa nina msimamo wangu kama mwalimu: usiandike "kizuri sana" ukaondoka. Andika kilichotokea. Mimi niliandika kwamba ugali ulichelewa na samaki akatangulia kupoa, kwamba aliyetoa miiba alimweleza mzee asiyeona mpangilio wa sahani bila kuambiwa na mtu, na kwamba mpishi wa mchuzi alikosolewa mbele za watu akarudi na mchuzi bora. Vijana hawa wanapewa alama kwa maneno yetu, na mwajiri wao wa kesho hatawasubiri kama sisi. Jambo jingine, shida ikitokea mezani mwambie mwanafunzi anayekuhudumia, usimrukie ukamwita mwalimu. Ukimruka umemnyima nafasi ya kujifunza kulitatua.

Nililipa chini ya nusu ya ile bei ya hotelini, nikapewa risiti. Bahasha ya asante nilimkabidhi mwalimu mbele yao wote, iwe ya zamu nzima, na waliokuwa kwenye sinki na masufuria wakiwemo.

Anayetaka kwenda apige simu chuoni kwanza aulize siku za vitendo, kwa sababu wakati wa likizo na wa mitihani ya nadharia hawapokei mtu, na aweke oda mapema ili wanunue kwa hesabu. Mke wangu naye anasubiri arobaini iishe nimpeleke. Safari hii tutaagiza kuhe, ambaye havuliwi kwa taa, kwa hiyo tarehe yoyote watakayotupa tutaichukua.