Kucha Tano za Joka: Safari ya Jingdezhen

Kwenye nguzo za makaburi ya kale ya Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, kuna mashimo ya duara yalipobanduliwa mabakuli ya Kichina. Hayo mashimo ndiyo yaliyonipeleka Jingdezhen, mkoani Jiangxi, China, mji uliopata jina lake mwaka 1004 na ambao mpaka leo unaishi kwa vyombo vya kauri. Nilipanda treni Nanchang, nikafika mchana.

Makumbusho ya matanuri ya kifalme yamejengwa kwa kuba ndefu za matofali, mfano wa matanuri yenyewe. Ndani, vyombo vingi vimeungwa vipande kwa vipande. Enzi za Ming, ukoo wa wafalme wa China, chombo kilichotoka motoni na kasoro kilivunjwa na kufukiwa papo hapo, maana nakshi za mfalme hazikuwa za kila mtu. Niliinama mbele ya bakuli la zama za mfalme Xuande (1426–1435). Joka la buluu, magamba yamechorwa moja moja, na mguuni kucha tano, alama ya mfalme. Ufa umepita katikati ya ule mguu. Waliounga wameuziba kwa plasta nyeupe bila kuuficha, na nadhani wamefanya vyema. Sikutaka kuondoka pale.

Mbele kidogo kulikuwa na bata wawili kwenye yungiyungi: ndoa yenye mapenzi. Komamanga lililopasuka mbegu zikaonekana ni dua ya watoto wengi. Kilichonishangaza ni popo. Kwetu popo akiingia ndani usiku, watu hushika fagio na kuvuta uradi. Binti aliyekuwa akitutembeza alisema kwamba kwa Kichina jina la popo linatamkwa sawa na neno baraka, ndiyo maana huchorwa watano pamoja: umri mrefu, mali, afya, kupenda wema, na kifo chema cha uzeeni. Mfinyanzi aliyapanga yote hayo ukingoni mwa sahani ya chakula!

Jumatatu alfajiri nilikwenda soko la vigae, vipande vya vyombo vya kale. Wauzaji wametandika vitambaa chini, wanunuzi wanamulika kwa tochi. Mzee mmoja alinipa kigae cha joka, akanyoosha vidole vitano: cha mfalme. Nikakimulika. Kucha tatu zilionekana wazi, ya nne imekatika pale kigae kilipovunjikia, ya tano haipo. Nikamrudishia kwa mikono miwili, nikachagua chenye nusu ya komamanga.