Nilienda Korogwe kutafuta kaburi la babu, nikakutana na watu wa kuzikana

Basi la kutoka Dar hadi Korogwe wananikata elfu kumi na nane halafu naambiwa siti yangu ni ile ya katikati nyuma kabisa, magoti juu, AC maji yanadondoka, na bado kondakta anataka hela ya begi. Tumefika usiku. Guesti niliyolala elfu ishirini na tano, maji hakuna, naambiwa yatatoka alfajiri na alfajiri hayakutoka. Nayasema haya kwa sababu yaliniuma, ila sikwenda Korogwe kustarehe, nilikwenda kumtafuta babu mzaa baba.

Babu aliondoka Songea kijana wa juzijuzi tu ameoa, akaandikishwa na watu wa SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokuwa inazunguka mikoani kuanzia miaka ya 1940 kukusanya vibarua, wakapakiwa kwenye malori na watu wengine wa huko kwetu wakaletwa Tanga kuwa manamba. Hakurudi. Nyumbani walichopata ni barua ya ukurasa mmoja, kofia yake, na hela kidogo, na barua ilisema amefariki, amezikwa vizuri, sanda ilikuwepo na watu walikuwepo. Basi miaka yote bibi alikuwa anamwombea mzungu wa lile shamba, anasema yule mtu alikuwa na utu, angeweza kukaa kimya lakini akaandika. Mimi nimekua nayasikia hayo. Hata marehemu baba alikuwa akiona kamba ya katani dukani anasema hao wazungu wa zamani walikuwa wanajali watu wao.

Asubuhi nikachukua boda. Tukapatana elfu kumi na tano kwenda na kurudi upande wa Mombo, kwenye shamba nililotajiwa na shangazi. Kufika njiani dogo anakata kushoto anaingia kwenye mkonge, namuuliza huku ndiko, ananiambia kambi zote ni hizohizo mzee. Mkonge wenyewe nusu umegeuka pori, mistari bado unaiona ila katikati kumeota miiba, na yale maboriti yake marefu yamesimama yamekauka. Tumeenda hivyo mpaka mnyororo ukakatika. Sio kuchomoka, kukatika. Dogo akaangalia, akasema anaenda kutafuta kipande cha mnyororo, nimpe hela yake yote kwanza. Nikampa kumi. Hakurudi, na namba aliyoniachia ilikuwa haipatikani siku ile na mpaka leo ninavyoandika haipatikani. Mtu anakuacha katikati ya mkonge saa tano jua la Korogwe bila hata chupa ya maji, na anajua kabisa hapo hapana gari. Nilikasirika vibaya sana.

Nikatembea kufuata moshi. Nikatokea kwenye nyumba za mstari, zile za kampuni, ukuta mmoja milango mingi, bati zimeoza, na chini ya mwembe kuna watu kama kumi hivi wamekaa na mama mmoja ana daftari. Nikajua nimeingia kwenye msiba. Nikaamkia, nikasema natokea Dar lakini kwetu ni Songea, na hapo hapo yule mama akafunga daftari akasimama. "Mngoni! Leo mtumwa wangu kajileta mwenyewe!" Akanivua kofia akavaa yeye, akasema siipati mpaka nilipe. Kumbe ni Mnyamwezi, wazazi wake waliletwa kutoka Tabora kukata mkonge, yeye kazaliwa hapohapo kambini na Tabora kwenyewe hajawahi kufika, lakini utani anao wote. Nikatoa elfu mbili, watu wakacheka, nikaletewa maji. Haukuwa msiba, ulikuwa mkutano wa mwezi wa chama cha kuzikana.

Mzee mmoja pale, naye asili yake Songea, alikuwa amepita miaka themanini, nikamshika mkono nikasema shikamoo babu, akasema marahaba mjukuu wangu, kaa. Nikamweleza. Jina la babu hakulijua, alisema waliokufa ni wengi na yeye alikuja kijana mwisho mwisho wa miaka ya hamsini. Nikamtolea ile habari ya barua na yule mzungu mwenye utu, akaniangalia muda, akauliza hiyo barua ilikuwa ya mkono au ya mashine. Nikasema ya mkono, bluu. Kiswahili? Kiswahili. Akatikisa kichwa.

"Mjukuu wangu, kampuni haikuwa inaandika barua. Kampuni ilikuwa inafuta namba. Barua tulikuwa tunaandika sisi."

Nilinyamaza. Yaani bibi yangu amekufa anamwombea mtu asiyehusika.

Mzee akaeleza. Kulikuwa na kadi ya kipande ina vyumba 30, ukimaliza kazi ya siku nyapara anaweka alama, ukiumwa hakuna alama, na hivyo vyumba 30 ulitakiwa uvijaze ndani ya siku 42 ndio ukalipwe. Mkata mkonge anafunga majani 30 fungu moja, mafungu mpaka yatimie, miiba ya ncha inachoma macho, halafu yanaenda kwenye korona, ile mashine ya mkonge, kusagwa yatoke singa, yaani nyuzi. Sasa mtu akifa katikati ya kipande, vyumba kumi na nane vimejaa, kumi na viwili bado, nani anamzika? Ndio watu wa Songea wakawa na chama chao, Wanyamwezi chao, Waha chao, Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji nao chao, senti kidogo kila mshahara kwa ajili ya sanda, mbao na stempu ya barua. Mtani ndiye anayeosha na kuchimba, kwa sababu mtani halii.

Na hapa ndipo mimi niliposhtuka zaidi. Nilikuwa nimesoma habari za vyama vya wafanyakazi, TFL ya 1955, yaani shirikisho la vyama hivyo Tanganyika, na Rashidi Kawawa katibu mkuu wake, mgomo wa shamba la mkonge la Mazinde wa 1958, Victor Mkello na chama cha wafanyakazi wa mashamba, nikawa naona kama ni kitu kilishushwa kutoka mjini kwa watu waliosoma. Mzee akasema hapana, walipokuja na kadi za chama watu waliogopa hela zao zitaliwa, mpaka wakaambiwa wakusanyaji wachagueni wenyewe, na watu wakachagua walewale wa senti za sanda. "Mtu ameshika hela ya maiti miaka mitano haijapungua, huyo utamkataa kwa ada ya chama?" Na mgomo ukija, walewale ndio wanajua nani ana watoto wengi apewe unga kwanza.

Mama wa Kinyamwezi akanionyesha daftari. Jalada gumu, limevishwa gazeti, kurasa zimepigwa rula kwa kalamu nyekundu: jina, ada, sanda, halafu safu ya mwisho imeandikwa KACHIMBA. Kila msiba, aliyechimba kaburi anawekewa alama. Asiye na hela ya mwezi anaweza kuchimba badala yake, na mwenye hela asiyetokea msibani anapigwa faini elfu tano, awe nani. Nikapitisha kidole kwenye ile safu, nikakuta jina la fundi cherehani mmoja lina alama kila ukurasa. Daftari hilo linaanzia 1987, ya nyuma yameliwa na mchwa.

Chama kikubwa, kile cha wafanyakazi, kilienda wapi? Mwanzoni mwa 1963 Mkello akapelekwa kukaa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Mwaka uliofuata baada ya maasi ya jeshi TFL ikavunjwa, ikaja NUTA, chama kimoja tu cha wafanyakazi wote, na katibu mkuu wake ndiye huyohuyo waziri wa kazi. Najua kuna watu watasema nchi ilikuwa changa na lazima iwe hivyo, mimi sikubaliani nao, mfanyakazi akiwa na malalamiko dhidi ya serikali anampelekea nani kama kiongozi wake ni waziri? Na serikali yenyewe ikaja kuchukua sehemu kubwa ya mashamba 1967, ikawa ndiye mwajiri. Mkonge uliokuwa umefika karibu tani 230,000 mwaka 1964 ukaanza kushuka kwa sababu ya kamba za plastiki, kampuni zikaondoka, mashine zikauzwa chuma chakavu. Kuzikana hakukumpelekea mtu taarifa, kwa hiyo hakuna aliyekuja kukufunga.

Kaburi la babu sikulipata. Mzee alinipeleka penye makaburi ya watu wa Songea, ni minyonyo mitupu na mawe, hakuna jina hata moja, akasema chagua hapa useme dua, wote wamezikwa na watu. Nikasema dua. Kurudi barabarani boda mwingine elfu nane, sikubishana.

Niliomba niandikwe kwenye daftari, mama akakataa, anasema mtu wa Dar atachimba lini? Mjadala ukawa mkubwa, mzee yuko upande wangu, fundi cherehani yuko upande wa mama, mwisho wakasema nitume ada ya mwaka mzima halafu nije msiba wa kwanza utakaotokea, ndipo watanijadili. Ada nimeshatuma. Na nyumbani nimepiga simu kwa shangazi anitafutie ile barua kwenye sanduku la bibi, maana nataka nimpelekee mzee aangalie mwandiko. Kama kwenu kuna kadi ya kipande, kadi ya TFL au barua ya namna hiyo, msichome na nguo za marehemu, pigeni picha pande zote mbili muandike jina la kambi, hasa kambi za upande wa Mombo, maana waandishi wa barua hizo mzee anawakumbuka kwa majina na yeye mwenyewe umri umeenda.