Diski ya Baba

Juzi binti yangu alifuta picha kwenye simu, kisha akaniuliza, "Baba, picha ikifutwa inaenda wapi?" Nikamwambia haiendi popote, ipo palepale, ila simu imepewa ruhusa ya kuandika kitu kingine juu yake. Akaridhika, akarudi kwenye katuni zake. Mimi nikakaa na lile jibu, maana maneno hayohayo niliwahi kumwambia Mama, mwaka 2007, nyumbani Korogwe.

Baba alikuwa ameshatangulia. Aliipenda sana kompyuta yake, Pentium III ya mtumba, na monita yake yenye mgongo mkubwa aliyoifunika kitambaa cha kufuma kila jioni. Alipostaafu alianza kuandika humo habari za babu: alivyotoka Songea mwishoni mwa miaka ya 1940, akaandikishwa na SILABU, ile ofisi iliyokusanya vibarua wa mkonge, akaletwa Tanga kuwa manamba. Aliandika kwa vidole viwili, usiku, mpaka umeme ukatike. Printa hatukuwa nayo. Kila alichoandika kilikaa kwenye diski moja ya GB 20.

Virusi vikaingia, kama vilivyoingia kila mahali enzi zile za kuazimana flashi. Mama akaipeleka kwa fundi. Fundi akafomati, yaani akaiandaa diski upya kama tupu, bila kuuliza mna nini ndani, na alipotaka kuingiza Windows, CD yake ikagoma kusoma. Mashine ikarudi nyumbani tupu. Ukiwasha, kioo cheusi na mstari mmoja wa herufi nyeupe: mfumo endeshi haukupatikana.

Nilikuwa na CD ya Ubuntu 6.06, mfumo endeshi wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows. Kampuni ya Canonical ilikuwa ikizituma bure dunia nzima. Unaomba kwa intaneti, unasubiri wiki kadhaa, unaikuta kwenye sanduku la posta. Yangu ilifika kwa S.L.P. ya shule aliyofundisha Mama. Nikaitumbukiza, nikabonyeza F12 ili mashine ianzie kwenye CD, na baada ya kusubiri sana ikatokea ile rangi ya udongo. Lugha, sawa. Saa za Dar es Salaam, sawa. Kisha ikaja hatua ya diski, na chaguo la kwanza lilikuwa kufuta diski yote.

Hapo nikaondoa mkono kwenye mausi.

Mama alikuwa amekaa pembeni yangu na madaftari ya wanafunzi mapajani. "Mbona umesimama, baba?"

Nikamweleza nilichokuwa nimekisoma. Fundi akifomati kwa haraka hafuti maandishi yenyewe. Anachana ukurasa wa yaliyomo tu. Kurasa za kitabu zinabaki, isipokuwa mashine haijui tena kipi kiko wapi. Zipo programu za kuzifukua. Lakini nikishaingiza mfumo mpya, utaandika juu ya kurasa hizo, na palipoandikwa upya hapafukuliki. Binamu yetu aliyekuwa chuoni Dar alisema diski ifunguliwe, apelekewe, atajaribu kuifunga kwenye mashine nyingine. Hakuahidi kitu.

Mama akanyamaza. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa, akaanza kusoma kile kioo cha Kiingereza mstari kwa mstari, kama anayesahihisha insha. Feni ya mashine ilikuwa ikivuma. Akaweka kidole juu ya kioo kabisa, penye lile chaguo, na alama ya kidole ikabaki kwenye vumbi.

"Huko Dar itakaa muda gani?"

"Mpaka likizo, labda."

Mtihani wa muhula ulikuwa Jumatatu na yeye ndiye mwenye kuuchapa. Kuupeleka steshenari hakutaka hata kusikia. Mwaka uliotangulia karatasi ya hesabu ilivuja kutoka kaunta ya namna hiyo, wakaulizwa walimu. Akaangalia madaftari, akaangalia kioo.

"Endelea, mwanangu."

"Mama, una hakika?"

"Nimesema endelea."

Nikaendelea. Mstari wa asilimia ukawa unatambaa, CD ikilia na kunyamaza, na mimi nikijua kila unaposogea kuna kipande cha babu kinachofunikwa. Mama hakuondoka mpaka ulipofika mwisho. Usiku uleule akafungua OpenOffice, programu ya kuandikia, akaanza swali la kwanza la Maarifa ya Jamii.

Mashine ile ilimchapia mitihani hadi alipostaafu, haikupata virusi tena. Ilifanya kazi iliyotakiwa, na watoto wa watu walifanya mtihani usiovuja. Hilo nalipa uzito wake.

Miaka mingi baadaye nikamuuliza kama ule usiku humjia. Akaniambia, "Baba yako hakuandika ukurasa bila kunisomea. Yote niliyasikia." Tangu hapo nikienda nyumbani namketisha na kurekodi kwa simu. Ananisimulia Songea, meli, namba aliyopewa babu, mkonge ulivyochana mikono. Pengine anakwama, ananiambia hapa Baba yako alipaeleza vizuri zaidi, na hapakumbuki alivyopaeleza. Rekodi nazihifadhi sehemu tatu. Bado sijui kama ningesubiri likizo.